Njia Zinazomfikisha Kijana kwenye Ualimu wa Sekondari

Hii ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, naye ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, katika mkutano wetu wa mwaka. Wanafunzi wa kidato cha nne, cha tano na cha sita walihudhuria. – Mhariri



Kwanza naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze kwa nusu saa juu ya njia anazoweza kuzipitia kijana akatoka hapa, akaenda Chuo Kikuu, akarudi katika shule ya sekondari akiwa mwalimu. Nitajitahidi nisiuzidishe muda niliopewa, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia, na nimeambiwa kuwa saa kumi wazee wana mechi na vijana. Wazee watahitaji muda wa kutafuta viatu vyao.

Kazi hii niliifanya kwa miaka 34, kuanzia 1982 mpaka nilipostaafu mwaka 2016, nikifundisha Historia na Kiswahili. Hata hivyo sikuja kusimulia maisha yangu. Nimekuja kueleza njia zilizopo, masharti yake na matatizo yake. Tena nataka kila kijana aondoke na jambo moja: ualimu wa sekondari hujengwa juu ya masomo mawili, na masomo hayo huchaguliwa hapa hapa, katika tahasusi za kidato cha tano. Huko Chuo Kikuu mtu huendeleza alichokwisha kukianza. Asiyeyajua vema masomo yake mawili hana cha kuwafundisha watu, hata angekuwa na shahada tatu.

KWA NINI TUYAZUNGUMZE HAPA

Asubuhi Mkuu wa Shule ametuambia kwamba somo la fizikia linafundishwa na mwalimu mmoja. Wengi wetu tuliguna, kisha tukaendelea na ajenda iliyofuata. Naomba turudi nyuma kidogo tufanye hesabu.

Tuseme shule ina mikondo miwili katika kila kidato, cha kwanza hadi cha nne. Hiyo ni mikondo 8. Kila mkondo ukiwa na vipindi 3 vya fizikia kwa wiki, tayari ni vipindi 24. Ongezeni mkondo mmoja wa kidato cha tano na mmoja wa kidato cha sita, kila mmoja vipindi 8. Jumla inakuwa vipindi 40. Sasa wiki ya siku tano, yenye vipindi 8 kwa siku, ina vipindi vingapi? Arobaini. Maana yake mwalimu huyo angeingia darasani kipindi cha kwanza Jumatatu na asipumzike mpaka kengele ya mwisho ya Ijumaa. Hapo hajasahihisha daftari hata moja, hajaandaa jaribio la maabara, wala hajashika zamu. Siku akiugua malaria, shule nzima haina fizikia.

Jumuiya yetu imekarabati bweni na kupaka rangi maabara. Tumefanya vema. Lakini maabara isiyo na mwalimu ni ghala la chupa. Mwalimu wa fizikia hanunuliwi dukani. Inabidi atoke miongoni mwa vijana kama hawa walioketi mbele yangu, na kumtayarisha huchukua si chini ya miaka mitano tangu aingie kidato cha tano. Ndiyo sababu nasema habari hii inatuhusu sote, wazee kwa vijana.

TULIKOTOKA

Wakati wa ukoloni kijana wa Tanganyika hakuwa na Chuo Kikuu nyumbani kwake. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945, akapata stashahada ya ualimu. Akafundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada, kisha akafundisha Pugu mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Angalieni mpangilio huo: stashahada, kazi, kisha shahada. Njia hiyo aliyoipita ingali wazi hadi leo, nami nitaieleza.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kujitegemea. Katika miaka hiyo ya mwanzo walimu wengi wa sekondari walikuwa wageni, nao wahitimu wetu wa Mlimani ndio walioanza kuzishika nafasi zao.

Rika langu tuliingia kwa masharti mengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka aliyemaliza kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda wa miaka miwili na kupata pendekezo la huko alikofanya kazi, ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu. Sharti hilo baadaye liliondolewa. Siku hizi kijana aweza kutoka kidato cha sita mwezi Mei, na kabla mwaka haujaisha akawa ameketi katika ukumbi wa mihadhara.

Vyuo navyo vimeongezeka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu mwaka 2005: kimoja Chang'ombe, Dar es Salaam, na kingine Mkwawa, Iringa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutayarisha pia walimu wa sayansi na kilimo. Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Taifa. Mashirika ya dini nayo yana vyuo vikuu vinavyotoa shahada za ualimu, kama vile Mtakatifu Agustino kule Mwanza, Mwenge kule Moshi, Tumaini Makumira kule Arusha, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Kwa hiyo shida ya leo si ukosefu wa milango. Shida ni kujua uingie mlango upi, na uingie na nini mkononi.

NJIA YA KWANZA: KUTOKA KIDATO CHA SITA MOJA KWA MOJA

Njia hii ndiyo fupi kuliko zote. Unamaliza kidato cha sita, unaomba nafasi ya shahada ya ualimu, unasoma miaka mitatu.

Kuna shahada za aina tatu ambazo vijana huzichanganya. Ya kwanza ni Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu. Ya pili ni Shahada ya Sayansi pamoja na Elimu. Katika hizi mbili mwanafunzi kwa kawaida husoma masomo mawili ya kufundishia, na pamoja nayo husoma taaluma ya ualimu. Ya tatu ni Shahada ya Elimu yenyewe, ambayo uzito wake uko zaidi upande wa elimu: saikolojia, uongozi wa shule, elimu ya watu wazima na kadhalika. Zote ni shahada nzuri. Lakini kabla hujajaza fomu, uliza: je, nikimaliza nitakuwa na masomo mangapi ya kufundishia? Mkuu wa shule akikupokea, swali lake la kwanza litakuwa hilo. Methali isemayo mshika mbili moja humponyoka haikutungwa kwa ajili ya mwalimu wa sekondari. Yeye hushika mawili, wala hana ruhusa limponyoke hata moja.

Sasa masharti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka kiwango cha chini cha kuingilia shahada kwa mtu atokaye kidato cha sita. Awe na ufaulu wa kiwango cha principal katika masomo mawili, na alama za masomo hayo mawili zifikie 4. Alama huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye D mbili anafikisha 4. Mwenye C na E naye anafikisha 4. Mwenye D na E ana 3, huyo hajafika.

Nawaomba msiufurahie mno mstari huo wa chini. Kwanza, chuo chaweza kudai zaidi ya hapo. Pili, masomo yanayohesabiwa ni yale unayotaka kuyafundisha. Kijana wa PCM aliyepata C ya kemia na E ya hisabati asidhani amefungua mlango wa kufundisha fizikia. Tatu, mkiwa wengi na nafasi ni chache, wenye alama za juu ndio hutangulia.

Hapo ndipo tahasusi inapoonyesha nguvu zake. Aliyesoma PCM aweza kuwa mwalimu wa fizikia na hisabati. Wa PCB, kemia na biolojia. Wa CBG, biolojia na jiografia. Wa EGM, jiografia na hisabati. Wa HKL, Kiswahili na Kiingereza, au historia na mojawapo. Kijana wa kidato cha nne anayekimbia hisabati leo kwa kuwa mwalimu ni mkali, ajue kwamba amekwisha kujitoa katika ualimu wa fizikia bila hata kuandika barua.

Juu ya maombi: tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, si kwa Tume. Lakini Tume hutoa mwongozo kila mwaka, wenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, programu zake na sifa za kila programu. Soma mwongozo wa mwaka wako, si ule aliousoma kaka yako. Na usitoe senti kwa mtu wa mtaani anayedai kuwa ana njia yake ya kukupatia nafasi.

NJIA YA PILI: KUANZIA STASHAHADA

Wako vijana ambao matokeo yao hayawafikishi Chuo Kikuu mara moja, na wako ambao nyumbani hali haiwaruhusu kungoja. Kwao kuna stashahada ya ualimu wa sekondari, ambayo mtu wa kidato cha sita huisoma kwa miaka miwili katika chuo cha ualimu. Vyuo hivyo mnavijua kwa majina: Korogwe, Monduli, Klerruu, Morogoro, Butimba, Tukuyu, Kasulu na vinginevyo. Mtihani wa mwisho husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mwenye stashahada hufundisha vidato vya chini. Akiwa na matokeo mazuri anaweza kuomba Chuo Kikuu kwa stashahada hiyo, bila kurudia mtihani wa kidato cha sita. Hapa matokeo ya chuoni ndiyo yanayotazamwa, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Mwangalie hapo: cheti cha kidato cha nne hakizeeki. Kitakufuata mpaka Chuo Kikuu.

Watu hudharau njia hii wakisema ni ndefu. Ni ndefu kweli. Lakini Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alianzia Chuo cha Ualimu Mtwara kabla ya kusomea shahada ya elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nami nimefanya kazi na walimu wengi waliopita njia hiyo. Walipofika Chuo Kikuu walijua tayari darasa la watu sitini linanukaje saa nane mchana. Wanapofundishwa saikolojia ya mtoto, huwa na sura za watoto kichwani.

NJIA YA TATU: KUSOMA HUKU UNAFANYA KAZI

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, na kina vituo mikoani. Kinatoa shahada za ualimu kwa mtu anayebaki kwake na kazini kwake.

Njia hii yataka roho ngumu. Hakuna kengele ya kukuamsha, na hakuna mwenzako wa chumba kimoja wa kukuuliza umeandika zoezi au bado. Niliwahi kuwa na mwalimu mwenzangu aliyesomea ofisini petu kila jioni kwa taa ya chemli, maana umeme ulikuwa haujafika. Ilimchukua miaka sita. Siku ya mahafali wanafunzi wake wawili walikuwa wamekwisha kumtangulia kupata shahada, nao walikuja kumpigia makofi.

NJIA YA NNE: KWA ALIYE NA SHAHADA TAYARI

Hapa nawageukia ndugu zangu tuliosoma pamoja, hasa wenye vijana nyumbani waliohitimu uhandisi, takwimu, kilimo au fasihi, na ambao mioyo yao inavutwa na ufundishaji. Mwenye shahada isiyo ya ualimu aweza kusoma stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo huchukua mwaka mmoja hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria huitoa, na vyuo vingine pia. Husomi upya fizikia yako. Unasoma namna ya kuifundisha, kisha unakwenda kufanya mazoezi shuleni.

Njia hii haijulikani sana, na ni hasara. Mhandisi aliyefundishwa ualimu ni mali kubwa katika shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia.

NINI HUFUNDISHWA HUKO

Baadhi ya vijana hudhani kuwa ualimu ni kusimama mbele na kusema unachokijua. La. Mwanafunzi wa ualimu ana mabwana wawili. Asubuhi yuko katika idara ya hisabati pamoja na wanaosomea hisabati tupu, hapewi mtihani mwepesi kwa kuwa yeye ni mwalimu. Mchana yuko katika elimu: saikolojia, falsafa na historia ya elimu, mitaala, upimaji, unasihi. Kisha yako masomo ya mbinu za kufundisha kila somo lake.

Hujifunza pia kazi ya karatasi, nayo si ndogo. Azimio la kazi linaonyesha mada za muhula mzima, wiki kwa wiki. Andalio la somo linaonyesha kipindi kimoja: shabaha yake, hatua zake, zana, na namna utakavyojua kama wameelewa. Shajara ya somo inaonyesha kilichofundishwa kweli. Wengi huona karatasi hizo kuwa adhabu. Mimi nawaambia kwamba mwalimu aliyeandika andalio huonekana tangu anapoingia mlangoni. Asiyeandika huanza kwa kuuliza, "Tuliishia wapi?"

Halafu kuna mazoezi ya kufundisha. Katika vyuo vingi hufanyika mara mbili, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili. Unapangiwa shule, pengine mkoa usiowahi kuufika. Unajitafutia chumba. Unapewa vipindi, na siku usiyoitarajia mhadhiri anatokea, anaketi nyuma kabisa na karatasi yake. Mikono hutoka jasho, chaki inakatika. Wanafunzi nao, Mungu awabariki, siku hiyo hunyamaza kimya hata wale wapiga kelele, kwa kukuhurumia.

Tena kumbukeni lugha. Katika sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wanatoka shule za msingi walikofundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu ndiye daraja lao. Awe na Kiingereza safi na chepesi, kisicho cha majivuno. Na mtaala mpya, ambao umeanza kutumika kwa awamu, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, pamoja na mkondo wa mafunzo ya amali. Kwa hiyo anayejitayarisha leo asitazame ya jana tu.

HABARI YA FEDHA

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Mwanafunzi wa ualimu aweza kuomba mkopo wa ada, chakula na malazi, vitabu, na mazoezi ya kufundisha. Kupewa kunategemea hali ya nyumbani na fedha iliyopo, na si kila aombaye hupata chote. Tayarisheni vyeti vya kuzaliwa mapema, na kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Kila mwaka vijana hukwama kwa karatasi moja tu.

Na jueni kuwa mkopo si zawadi. Ukiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Huo ni utaratibu wa haki, kwani fedha unayorudisha humsomesha mdogo wako. Lakini uujue kabla hujasaini.

NITASEMA NA LILILO CHUNGU

Sisi tulipomaliza Chuo Kikuu tulipangiwa vituo na Wizara. Barua ilikuja, ukafunga sanduku, ukapanda basi. Hali hiyo imepita. Leo nafasi za serikali hutangazwa, mtu huomba, na katika miaka ya karibuni walimu hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Wapo vijana wenye shahada safi wanaojitolea kwa posho ndogo, mwaka hadi mwaka. Asiyewaambia hivi anawadanganya.

Ni jambo la ajabu kwamba hapo hapo shule zinalia hazina walimu wa fizikia na hisabati. Wanaongoja ajira wengi wao ni wa masomo ya sanaa. Mimi ni mtu wa Historia, silidharau somo langu. Anayelipenda kweli alisome, lakini ajue foleni ni ndefu, ajiandae na shule za watu binafsi, na ashike somo la pili lenye uhaba ikiwezekana. Mwenye uwezo wa hesabu na sayansi, ambaye anaombwa na nchi nzima, asijifiche.

Nchi yetu imewahi kujaribu njia za mkato. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa upesi kuliko walimu walivyopatikana. Vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi na leseni ya kufundisha. Watu wakawaita "voda fasta". Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea vijana wa kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao walirudishwa nyumbani. Siwacheki vijana hao. Wapo walimu wa leseni niliofanya nao kazi ambao baadaye walisoma stashahada, kisha shahada, wakawa walimu hodari. Lakini funzo liko wazi: ukiruka hatua, utalazimika kurudi kuipanda, na aliyeumia zaidi ni mtoto aliyefundishwa katika miaka ile. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa Januari 2016, na ya cha tano na cha sita mwaka 2022, watoto wanaoingia ni wengi. Wanastahili walimu kamili.

MAOMBI YANGU

Kwenu vijana naomba mambo matatu. Msichukue ualimu kwa kuwa mmekosa mengine, maana watoto hutambua mapema mwalimu aliyekuja kwa kukosa pa kwenda. Msiuache kwa kuwa mtu mmoja amewacheka. Na jioni ya leo kila mmoja achukue karatasi aandike masomo mawili ambayo angeweza kumweleza mdogo wake bila kufungua kitabu. Akikosa mawili, kazi ianze hapo. Jaribuni sasa: anayeelewa hesabu amkalishe mwenzake asiyeelewa, amweleze mpaka aelewe. Ukiona raha siku mwenzako anapata jibu, hiyo ni dalili njema kuliko alama A.

Kwenu ndugu zangu wa zamani nina ombi pia. Kila mwaka wanachuo huja kufanya mazoezi katika shule hii na za jirani, wakihangaika kutafuta chumba. Ile nyumba ndogo nyuma ya bwalo imekaa tupu. Tuikarabati iwe ya walimu hao, na tuwape chakula cha mchana. Mwanachuo wa fizikia anayelala vizuri hapa kwa wiki chache atapunguza mzigo wa yule mwalimu mmoja, na huenda kesho akaomba kuja kujitolea. Pili, katika mfuko wetu tutenge fungu la kuwasaidia vijana wawili kila mwaka watakaokwenda kusomea ualimu wa fizikia au hisabati, kwa kile ambacho mkopo haukukifikia. Sidai tuwafunge kwa mkataba warudi hapa. Mcheza kwao hutuzwa. Tukiwatendea vema, watarudi wenyewe, na wasiporudi watakuwa wanafundisha watoto wa Watanzania mahali pengine.

Tatu, mhandisi na mhasibu aliyestaafu aje Jumamosi moja kwa mwezi aeleze somo lake. Hatakuwa mwalimu kwa hilo, wala asijiite hivyo, lakini vijana wataona fizikia hutumika wapi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mapendekezo haya mawili, la nyumba na la mfuko, yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu na yapigiwe kura kabla hatujatawanyika. Tukiyaahirisha hadi mwaka ujao, vijana wa kidato cha sita walioketi hapa watakuwa wamekwisha kuondoka, na fizikia itakuwa na mwalimu yule yule mmoja, akiwa amechoka zaidi.